Barua kwa Tantine: Kichwa kinachokataa kulala

Tantine, nesi mstaafu wa wodi ya wazazi hapa Lubumbashi, anajibu barua za wasomaji. Majina ya walioandika tunayahifadhi.

Jambo sana Tantine. Nina watoto wanne, naishi Katuba. Naamka saa kumi alfajiri kukaanga mikate, saa moja niko soko la mtaa wetu wa Kenya hapa mjini, narudi jua likizama. Mume wangu yuko Kolwezi kwa kazi za mgodi. Akipata pesa anapiga simu, asipopata simu inanyamaza. Usiku mwili umekufa lakini kichwa ndiyo kwanza kinaamka: deni la unga, ada ya binti yangu wa sekondari, simu isiyolia. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi aliniambia ninunue kaye, yaani daftari, kila usiku nimwage humo yote yaliyo moyoni, nitatulia. Nafanya hivyo tangu mvua zianze. Naanza na deni la unga, namaliza nikimlilia mama yangu aliyefariki nilipokuwa na mimba ya kitinda mimba. Kulala ni saa saba. Isitoshe, wifi yangu alinikuta nimekaa peke yangu naandika kwa mwanga wa simu, akaenda kuwaambia majirani kwamba usiku ninaandika majina ya watu. Unajua hapa kwetu maneno hayo yanafika wapi. Niache? Au ni mimi nisiyejua kuandika?
*Mama wa Katuba*

Pole na kazi, mama. Nianze na wifi, maana yeye ndiye wa haraka.

Usimjibu, wala usimwonyeshe kaye ili kujitakasa; ukimwonyesha leo, kesho ataitaka tena. Acha tu kuandika usiku. Muuza mikate mwenye kaye na biki mkononi saa kumi na moja jioni, mbele ya meza yake, hakuna wa kumshangaa. Anapiga hesabu. Chukua kaye ileile ya madeni, igeuze, uanzie nyuma. Mbele wawe wateja, nyuma uwe wewe. Majirani watachoka, wifi atapata habari nyingine.

Sasa tuje kwenye kaye yenyewe. Unajua kuandika vizuri, barua yako imenifikia moyoni. Shida ni kwamba ulipewa dawa bila kuambiwa kipimo chake.

Nilifanya kazi ya zamu maisha yangu yote, na hakuna kitu kilichonifundisha kutulia kama kaye ya ripoti ya usiku. Asubuhi, kabla wenzetu wa mchana hawajafika, nesi wa usiku anakaa mezani, anaandika kitanda kwa kitanda. Kitanda cha tatu: amezaa mvulana saa tisa usiku, kondo limetoka lote, damu kidogo. Kitanda cha tano: homa imeshuka, tunangoja majibu ya labo, daktari aulizwe saa mbili. Kitanda cha saba: hakuna jipya. Huzuni zilikuwepo, tena nyingi, wewe mwenyewe unaijua wodi ya wazazi. Lakini kwenye ripoti kila jambo linaandikwa na saa yake, lililofanyika, na lililobaki pamoja na mtu atakayelifanya. Halafu unamsomea mwenzako anayeingia, anatia sahihi, unavua koti jeupe, unapanda basi. Kitanda cha tano si chako tena mpaka jioni.

Kaye yako, mama, haina wa kutia sahihi. Kila usiku unafungua vitanda vyote kwa pamoja, unavikagua hadi chini ya godoro, halafu unabaki wodini.

Dada wa maombi hakukudanganya kabisa. Mwaka 1986 kule Marekani, mtaalamu wa saikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Waliwaomba waandike juu ya mambo magumu kuliko yote yaliyowapata maishani, dakika 15 kwa siku, kwa siku nne. Miezi iliyofuata, wale walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikwenda kwa daktari mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida tu. Habari hiyo imezunguka dunia nzima mpaka imefika kwenye kikundi chenu Katuba. Kilichobaki njiani ni nusu yake ya pili: mara tu baada ya kuandika, watu wale walikuwa na huzuni zaidi, si pungufu. Faida ilikuja baadaye. Tena zilikuwa siku nne, si kila usiku tangu mvua zianze. Na hakuna kati yao aliyetakiwa kuwa mbele ya mbabula, jiko la makaa, saa kumi alfajiri.

Kwa hiyo kifo cha mama yako kina haki ya kuandikwa, ila si saa ya kulala. Kitafutie Jumapili mchana, baada ya misa na chakula, mtu mzima mwingine akiwa nyumbani ili watoto wasikuite. Dakika 15, simu ikulindie saa. Andika ilivyokuwa: ulikuwa wapi, nani alileta habari, ulivaa nini, tumbo lilikuwa limefika wapi. Machozi yakija, yaache yaje. Saa ikigonga, funga, toka nje, chota maji, fanya kitu cha mikono. Fanya hivyo Jumapili chache kisha uache. Ukiona kinakuzidi nguvu katikati, simama hapohapo. Pennebaker mwenyewe hushauri hivyo: jambo linalokulemea, liache, andika lingine.

Jioni ni kazi ya ripoti peke yake. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, walitoa matokeo ya vijana 57 waliolala maabara. Kabla ya taa kuzimwa, kwa dakika tano, nusu yao waliandika waliyokwisha kuyamaliza, nusu wakaandika wanayotakiwa kufanya siku zinazokuja. Hawa wa pili walilala mapema kwa kama dakika 9. Watu 57 si wengi, na dakika 9 si muujiza. Lakini kuna jambo lililonifanya niikate karatasi ile niitunze: kadiri mtu alivyoandika kwa undani zaidi, ndivyo alivyolala upesi zaidi. Kuandika “deni” hakusaidii. Deni la nani, kiasi gani, nitalifanyaje, siku gani: hapo kichwa kinakubali kushusha mzigo.

Basi ukifunga meza, kabla hujapanda basi, yako iwe hivi:

*Jumanne. Unga: bado 15.000 kwa mama wa ghala. Nimpe 5.000 Alhamisi nikitoka sokoni, nimwambie mwenyewe kabla hajauliza. Ada ya mkubwa: kumwona prefe, mkuu wa shule, Jumatatu asubuhi, kuomba kulipa mara tatu. Mafuta: yatatosha mpaka kesho kutwa. Papa wa watoto: hajapiga. Leo hakuna la kufanya.*

Huo mstari wa mwisho usiuruke. Usipouandika, ndio utakaokuamsha saa nane za usiku. Kila mstari uishe na siku, au uishe na “leo hakuna la kufanya”. Mstari usio na kimoja kati ya hivyo viwili bado uko mikononi mwako. Kisha weka sahihi yako chini. Najua utacheka. Iweke. Anayepokea zamu ni wewe wa kesho asubuhi, mtu aliyelala, mwenye akili zaidi kuliko huyu wa sasa. Usiku likizuka jambo jipya, mstari mmoja gizani unatosha, bila kuwasha simu na bila kukaa.

Utaniambia huna muda wa kukaa kimya. Mikate yako inaumuka kwa muda gani? Saa nzima, au zaidi kukiwa baridi ile ya Juni na Julai. Na ukishaweka sufuria juu ya makaa, mafuta yanataka muda wake kabla hujatupia donge la kwanza. Nina hakika muda huo unauona ukipita kwenye simu, ukitazama kama Kolwezi imeandika. Simu iache ndani. Kaa kwenye kiti kidogo, mikono magotini, sikiliza parseli, ua wa nyumba yenu, inavyoamka: jogoo wa jirani, mtu anayechota maji, lori la kwanza barabarani. Usijaribu kufikiri vizuri wala kutofikiri. Mafuta yakiwa tayari utayasikia.

Na hili ulisikie kama kutoka kwa nesi: ikipita wiki mbili hulali, chakula hakipiti, au likikujia wazo kwamba afadhali kufa, hapo si saa ya kaye tena. Nenda kituo cha afya, useme waziwazi kama ulivyoniambia mimi.

Tantine mpendwa. Nasoma sheria Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), mwaka wa pili. Profesa mmoja alitushauri kuandika kila siku kidogo ili kutuliza akili kabla ya mitihani. Nikiandika Kifaransa naona kama nasahihishwa. Nikiandika Kiswahili chetu cha hapa naona haya, maana si Kiswahili bora. Mwenzangu wa chumba ananicheka, anasema kujiandika mwenyewe ni mambo ya Wazungu wenye nafasi. Unasemaje?
*Mwanafunzi, UNILU*

Mwanangu, huyo wa chumba chako hajui mji anaokaa.

Mwaka 1965, mji huu ukiwa bado unaitwa Elisabethville, bwana mmoja, André Yav, aliandika historia ya mji kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa maboi katika nyumba za Wazungu. Kilikuwa kijitabu kilichopigwa chapa, kwa Kiswahili kilekile cha mjini, cha jikoni na cha barabarani, bila kuomba ruhusa kwa sarufi ya mtu. Wapishi na wafua nguo ndio waliotaka yaandikwe: mabwana waliwaita majina gani, walikula nini, waliona nini. Baadaye, mwaka 1990, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikitoa pamoja na tafsiri na maelezo marefu, na leo wasomi wa nchi za mbali wanakisoma neno kwa neno. Wangengoja mpaka wajue Kiswahili bora, tungekuwa na nini mkononi? Barua za mabwana tu.

Kwa hiyo andika. “Leo nimechoka bibaya, kura ilienda, nikalala na nzala.” Umechoka vibaya, umeme ulikatika, ukalala na njaa: hiyo ni sentensi kamili, nami ningeisoma kwa raha kuliko ukurasa mzima wa Kifaransa cha mtihani. Maneno ya sheria yakija kwa Kifaransa, yaache yaje, ndivyo tunavyozungumza. Usirudi nyuma kusahihisha. Ukijikuta unatafuta neno zuri, ujue umeanza kumwandikia profesa, na profesa hayumo humo ndani.

Hujaniuliza, lakini nitasema: karatasi, si simu. Sina ugomvi na simu, naandika safu hii juu ya tableti ya mjukuu wangu. Ila simu ukiifungua kuandika mistari mitatu unakuta ujumbe 40 za kundi la promosheni yenu, wenzako wa darasa, na ile dakika ya kutulia imekwenda kwenye ubishi wa timu za mpira, Mazembe na Lupopo. Kaye ya kurasa 48 ya kwenye kioski inatosha. Zile nzuri zenye jalada gumu zinatia woga, mtu anaogopa kuzichafua.

Kuhusu nafasi: utaandika lini? Mimi ningesema saa ileile kura inapokatika. Wote chumbani wanalalamika, wewe una mshumaa na kazi ya kufanya. Dakika kumi. Ukikosa siku, usilipe deni lake kesho yake. Anza na kesho. Nimewaona vijana wanaoacha kabisa kwa sababu tu waliruka siku mbili wakaona wameharibu, kana kwamba kuna mkaguzi anapita.

Tantine, salamu. Ninaendesha lori, Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kuvuka. Nina miaka 53. Daktari ameniambia presha iko juu, amenipa vidonge, akasema nipunguze mawazo na nitafute utulivu. Utulivu wa wapi? Foleni ya mpakani ni honi na vumbi. Nyumbani, nyuma ya ukuta wetu kuna nganda, baa ya mtaani, inapiga muziki mpaka usiku wa manane. Habari za kaye mimi siziwezi, shule niliiacha mapema. Mke wangu ni Mkatoliki mkubwa, ananiambia nisali rozari. Je, ni dawa au ni imani tu?
*Papa wa barabarani*

Papa, mke wako ana nguvu kuliko anavyojua mwenyewe.

Mwaka 2001 daktari wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake walipima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka maneno ya mantra ya yoga. Vyote viwili vilipunguza kasi ya pumzi mpaka karibu mara 6 kwa dakika, na kwa mwendo huo moyo na mishipa vilifanya kazi kwa mapatano mazuri zaidi. Sababu haina fumbo. Nusu ya sala unaisema kwa pumzi moja inayotoka polepole, nusu nyingine mwenzako anaijibu nawe unavuta hewa. Mtu mzima aliyekaa tu hupumua kama mara 12 mpaka 20. Dereva aliyekwama foleni mbele ya mtu anayejaribu kuchomeka lori lake ubavuni, sijui mara ngapi.

Kwa hiyo sali na mama, mkipokezana, na msikimbize maneno kama wale wanaotaka kumaliza kabla ya mvua. Ukiwa peke yako ndani ya kabini, injini imezimwa, vuta hewa kwa puani ukihesabu nne, iachie ukihesabu sita. Hiyo ni pumzi moja, sekunde kumi. Sita zinakupa dakika. Fanya dakika kumi, mkono mmoja juu ya tumbo. Tumbo ndilo liinuke, mabega yakae. Ukihisi kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno, punguza. Gari likitembea usifanye, na foleni ikisogea acha, maana nakujua, utafumba macho.

Honi na nganda haziharibu kitu. Unajaribu kungoja kelele ziishe ndipo utulie, na katika mji huu utangoja sana. Tunazalisha akina mama huku jenereta inanguruma dirishani na wanapata usingizi mzuri baadaye. Hesabu yako tu, nne na sita.

Kuandika uache, hukulazimishwa. Ila ile ripoti niliyomweleza mama wa Katuba inasemwa pia kwa mdomo. Ukifika nyumbani, kabla ya bukari, ugali wetu, mwambie mke wako mambo matatu: lililokwenda, lililokwama, na unalolifanya kesho juu yake. Asikupe ushauri; mwambie nimekataza mimi. Asikie tu, aseme “nimepokea”. Mkizoea, na yeye akupe yake, maana nina wasiwasi hajaulizwa siku nyingi.

Na vidonge umeze kila siku, Papa, hata siku unayojisikia kijana. Presha haigongi mlango, na rozari haichukui nafasi ya kidonge. Ukisafiri, beba vya siku tano zaidi ya safari yenyewe. Wote tunaijua Kasumbalesa.